Masalio ya Mjengo Yapewe Jina Kabla ya Msingi Kuchimbwa

Lugha ya Kiswahili haina uchoyo wa maneno inapoyataja masalio ya chakula. Nazi ikishakunwa na kukamuliwa tui, kinachobaki huitwa machicha. Mbegu zikishashindikwa mafuta, yanayobaki ni mashudu. Mpunga ukitwangwa na kupepetwa hutoa kumvi, wishwa na pumba. Hindi likipukuchuliwa huacha gunzi, na shamba likivunwa huacha mabua.

Wingi huu wa majina haukuzuka kwa bahati. Watu waliyapa masalio hayo majina kwa sababu walikuwa na kazi nayo. Mashudu ni chakula cha ng'ombe, machicha huliwa na kuku, magunzi huwasha moto jikoni na mabua hulishwa mifugo wakati wa kiangazi. Mkulima wa Trans Nzoia anayeuza mahindi yake kwa gunia anajua vyema thamani ya kile kilichobaki shambani. Viwanda vya sukari navyo, kama kile cha Nzoia kilichoanza kusaga miwa mwaka 1978 huko Bungoma, hufuata hekima hiyo hiyo: makapi ya miwa hutiwa tanurini yakatoa mvuke wa kuendeshea mitambo.

Sasa tutoke shambani tuingie kwenye mjengo. Hapa pana nusu tofali, saruji iliyogandia mfukoni, vipande vya nondo, mbao zilizopasuka, misumari iliyopinda, udongo uliochimbuliwa, karatasi za mifuko na mikebe ya rangi. Lugha ile ile iliyokuwa karimu ghafla inakuwa bubu. Vyote huitwa taka, au vikilundikana sana, vifusi. Na kinachoitwa taka hutendewa kama taka. Huchomwa, hufukiwa, au hupakiwa kwenye lori kikaenda kumwagwa kando ya barabara au kwenye kinamasi.

Mimi si mhandisi. Ni mwalimu wa isimu, na yamkini msomaji atajiuliza mtu wa kazi yangu ana biashara gani na kokoto na mabati. Jibu langu ni kwamba tatizo la taka za ujenzi huanza pale ambapo kitu hakijatajwa. Kisichotajwa hakihesabiwi. Kisichohesabiwa hakihifadhiwi, wala hakina mwenyewe. Kwa hiyo mpango wa kupunguza taka katika ujenzi ni kazi ya kutaja, kupima na kutenga mahali, na kazi hiyo yafaa kufanywa kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi.

Kwa nini shule?

Nawaelekezea maneno haya walimu na wanafunzi kwa sababu shule zetu zimekuwa mjengo usiokwisha. Tangu Hazina ya Ustawi wa Maeneo Bunge ilipoanzishwa mwaka 2003, ni nadra kupita shule ya umma isiyo na bamba ukutani linalotangaza darasa jipya. Mtaala wa umilisi ulianza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019. Mwaka 2021 serikali ilitangaza mpango wa kujenga madarasa yapatayo 10,000 ili kuupokea mtaala huo, na Januari 2023 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 7 wakaingia sekondari ya msingi. Abiria atokaye Kitale, akapita Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, kisha akashika njia ya Bungoma, atayaona mabati mapya yakimetameta pande zote mbili za barabara.

Ujenzi huu ni neema, na sitaki kuubeza. Lakini fedha zake zina wenyewe. Ni kodi ya mwananchi, ni michango ya harambee, na wakati mwingine ni gunia la mahindi lililouzwa na mzazi kabla ya bei kupanda. Darasa likijengwa kwa mifuko 400 ya saruji, na asilimia 5 tu ya saruji hiyo ikapotea kwa mvua, kwa kumwagika na kwa kugandia chini, hiyo ni mifuko 20. Mfuko mmoja ni kilo 50. Basi tani moja nzima ya saruji imelipiwa na haimo ukutani.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba upotevu huo huwa umeruhusiwa mapema. Wakadiriaji wa gharama wana desturi ya kuongeza asilimia 5 au 10 juu ya vifaa vinavyohitajika ili kufidia kitakachoharibika. Desturi hiyo ina busara yake, kwa maana hakuna kazi ya mikono isiyoacha chenga. Hata hivyo, nyongeza iliyokusudiwa kuwa tahadhari hugeuka kuwa haki. Fundi akijua kwamba taka imekwisha kulipiwa, hana sababu ya kuinama kuokota nusu tofali.

Taka huzaliwa katika karatasi

Watu wengi hudhani kwamba taka za ujenzi huzaliwa mikononi mwa mafundi wazembe. Ukweli ni kwamba nyingi huzaliwa mapema zaidi, kwenye meza ya mchoraji. Vifaa vya ujenzi huuzwa kwa vipimo maalumu. Nondo huja na urefu wa mita 12. Plaiwudi huja kwa futi 8 kwa 4. Mabati na mbao navyo vina urefu wake dukani. Msanifu asiyevijali vipimo hivyo huwa amekwisha kuagiza taka hata kabla hajaagiza jengo.

Wajenzi wa pwani yetu walilifahamu jambo hili karne nyingi zilizopita. Mtu akiingia katika nyumba za kale za mawe za Lamu au Zanzibar atashangaa kuona vyumba virefu lakini vyembamba, ambavyo upana wake aghalabu hauzidi mita 3. Sababu yake ni boriti. Dari ilibebwa na miti ya mikoko, na mti huo una urefu ambao unaweza kubeba uzito bila ya kupinda. Mjenzi hakuuchora ukumbi mpana kisha akautafuta mti wa kuufikia. Aliutazama mti kwanza, kisha akaukata chumba kwa kipimo cha mti. Boriti hizo hizo zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba, na huko nako vyumba vikajengwa kwa kipimo cha mkoko wa Afrika ya Mashariki.

Hebu tuchukue mfano wa leo ambao mwalimu wa hisabati anaweza kuuandika ubaoni. Shule inajenga madarasa, na mchoro unataka vipande 60 vya nondo vyenye urefu wa mita 3.5 kila kimoja. Nondo moja ya mita 12 hutoa vipande 3 na kubakiza mita 1.5. Kwa vipande 60 tutanunua nondo 20, na tutabaki na vipande 20 vya mita 1.5.

Baada ya wiki mbili, mafundi wanafika kwenye madirisha. Mchoro unataka vipande 20 vya mita 1.5 vya unene huo huo vya kuweka juu ya madirisha. Ikiwa hakuna aliyepanga, vile vipande vya awali vitakuwa vimekwisha kutupwa, kuuzwa kwa vyuma vikuukuu au kutumiwa kufungia mbuzi, na shule itanunua nondo 3 mpya. Ikiwa mtu aliketi mapema akaorodhesha kila kipande kitakachokatwa, nondo 20 zile zile zitatosheleza kazi zote mbili, na hakuna hata sentimita moja itakayopotea. Nondo ni zile zile na fundi ni yule yule. Kilichozidi ni karatasi moja ya orodha.

Marehemu Mwalimu Julius Nyerere alituachia msemo kwamba kupanga ni kuchagua. Katika ujenzi, asiyepanga pia amechagua: amechagua kununua mara mbili.

Mvua, udongo na saruji

Baada ya mchoro hufuata ghala. Kitale iko kwenye nyanda za juu, katikati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, na Bungoma imelala kusini mwa mlima huo huo. Katika eneo hili lote mvua huanza kunyesha Machi na aghalabu haitupi nafasi kamili hadi Oktoba. Saruji na unyevu ni maadui. Mfuko ulioegemezwa ukutani au kulazwa sakafuni hunyonya maji taratibu, na siku ukifunguliwa huwa umegeuka jiwe. Dawa yake si ghali: jukwaa la mbao lililoinuliwa kutoka ardhini, nafasi kati ya mifuko na ukuta, paa lisilovuja, na kanuni kwamba mfuko uliotangulia kuingia ndio utangulie kutoka. Muhimu kuliko yote ni kutonunua saruji ya miezi mitatu kwa siku moja eti kwa sababu lori lilikuwa likipita.

Kuchanganya nako kuna adabu yake. Zege lililochanganywa likakaa muda mrefu huanza kukaza, na kuliongezea maji ili lilainike ni kuudhoofisha ukuta utakaowakinga watoto. Ni heri kuchanganya kidogo kidogo, juu ya bamba au sakafu ngumu, kwa kipimo cha kazi ya saa ile. Mchanga na kokoto vikimwagwa juu ya nyasi, tabaka la chini lote huchanganyika na udongo na halifai tena.

Udongo wenyewe pia ni mali. Chumba cha mita 8 kwa 7, kikiondolewa tabaka la juu la sentimita 15, hutoa mita za ujazo 8.4 za udongo wenye rutuba. Tabaka hilo limechukua miaka mingi kujengeka. Katika mijengo mingi huchanganywa na udongo mwekundu wa chini na kusukumwa pembeni kama vifusi, ilhali shule hiyo hiyo ina bustani ya sukuma wiki inayolilia mbolea. Kuutenga udongo huo siku ya kwanza hakugharimu chochote zaidi ya kuamua uwekwe wapi.

Tofali nalo lastahili kuzungumziwa. Katika sehemu nyingi za Bungoma na Trans Nzoia matofali hufyatuliwa kwa udongo wa hapo hapo na kuchomwa kwa kuni. Kila tofali linalovunjika kwa kurushwa kutoka kwenye lori ni kuni zilizochomwa bure. Saruji nayo ina deni lake, kwani viwanda vya saruji duniani hutoa takriban asilimia 7 au 8 ya hewa ya kaboni inayotokana na shughuli za binadamu. Shule zilizojaribu matofali ya udongo ulioshindiliwa kwa mashine na kuchanganywa na saruji kidogo, yale yanayoshikana yenyewe kwa yenyewe, zimeona kwamba hayahitaji tanuri na hutumia saruji chache baina ya tofali na tofali. Huku ndiko kupunguza taka kwa maana yake halisi: kuizuia isizaliwe.

Kutenganisha kabla ya kuchanganyika

Hata mpango mwema utaacha masalio. Hapo ndipo mafungu yanapohitajika. Napendekeza matano, kila moja na kibao chake na mahali pake, yakiandaliwa kabla ya kazi kuanza.

La kwanza ni la mawe, matofali yaliyovunjika na zege gumu. Haya yakipondwa hujazia chini ya sakafu ya darasa lijalo au kuziba mashimo ya njia ya kuingilia shuleni, ambayo kila msimu wa mvua hugeuka tope. La pili ni la mbao: ndefu zirudi kazini, fupi zitengenezwe viti, rafu na masanduku ya miche. La tatu ni la vyuma, kuanzia nondo hadi misumari na vipande vya mabati. La nne ni la karatasi na plastiki, ambazo hazifai kuchomwa uwanjani. Ikumbukwe kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini mwezi Agosti 2017, lakini plastiki za kufungia vifaa vya ujenzi bado zinafika kwa wingi.

La tano ndilo lenye hatari, nalo lahitaji maneno machache zaidi. Humo mna mikebe ya rangi, vimumunyisho, betri, mbao zilizotiwa dawa na, katika shule kongwe, paa za asbesto. Nimetaja mbao zilizotiwa dawa kwa makusudi. Ni mazoea katika shule zetu kuzikusanya mbao fupi zilizobaki na kuzipeleka jikoni zikapike githeri. Mbao nyingi na nguzo huwa zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa yenye shaba na aseniki. Moshi wake na majivu yake ni sumu, na anayeuvuta kila siku ni mpishi aliyeinama juu ya sufuria. Mbao za aina hiyo, pamoja na zilizopakwa rangi, zisiingie jikoni kamwe, na unga wake wa msumeno usitandikiwe kuku.

Asbesto ni hatari zaidi. Kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006 ziliiorodhesha miongoni mwa taka hatari. Nyuzi zake zikivutwa hukaa mapafuni, na maradhi yake yanaweza kujitokeza baada ya miongo kadhaa, wakati mwanafunzi wa leo amekwisha kuwa babu au bibi. Paa la namna hiyo halivunjwi kwa nyundo, halifagiliwi likiwa kavu, wala vipande vyake haviwekwi njiani kujazia mashimo. Huondolewa na watu wenye leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, na wanafunzi wakiwa mbali.

Ni vyema niongeze kwamba kutenganisha taka za mjengo si adhabu ya wanafunzi waliochelewa. Msumari wenye kutu huleta pepopunda, na saruji mbichi huunguza ngozi. Mtoto ana nafasi yake katika mpango huu, nami nitaitaja, lakini nafasi hiyo iko nje ya uzio wa mjengo.

Sheria ipo, lakini

Wapo watakaosema kwamba hili ni jukumu la serikali. Kwa hakika sheria hazikosekani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya, na Jedwali lake la Nne linazikabidhi kaunti kazi ya kuondoa taka na kusimamia majaa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe, na inaweka kupunguza na kutumia upya mbele ya kutupa.

Hata hivyo, karatasi ya sheria haijengi mazoea. Uingereza inatupa funzo. Mnamo Aprili 2008, Uingereza yenyewe, bila ya Scotland wala Wales, ilianza kutekeleza kanuni zilizolazimu kila mradi wa ujenzi uliozidi pauni 300,000 uwe na mpango wa taka ulioandikwa kabla ya kazi kuanza. Desemba 2013 kanuni hizo zilifutwa kwa hoja kwamba ziliwabebesha wajenzi mzigo wa makaratasi. Lakini ipo kodi iliyobaki, nayo imekuwapo tangu mwaka 1996: kila tani inayopelekwa jaani hutozwa ushuru. Mjenzi wa huko, awe na kanuni au asiwe nayo, anajua kwamba kutupa kunagharimu.

Kwetu Kitale na Bungoma, mwenye lori anayemwaga vifusi kando ya mto halipi chochote. Anayelipa ni mwingine. Mito ya Trans Nzoia na Bungoma huingia Nzoia, na Nzoia haisimami hadi imefika Budalang'i na Ziwa Viktoria. Kile tunachokisukumia mtaroni mlimani, jirani yetu wa bondeni hukipokea na mafuriko.

Wapo pia watakaodai kwamba maskini hana taka: kwetu kila kitu huokotwa, msumari hunyooshwa, na mfuko wa saruji hugeuzwa kifuniko. Hoja hii ina ukweli, na nawavulia kofia waokotaji na mafundi wanaoishi kwa kazi hiyo. Walakini, kinachookotwa ni kile kinachoonekana na chenye mnunuzi, hususa chuma na mbao nzuri. Hakuna mwokotaji anayeweza kuokota saruji iliyolowa, mchanga uliozama nyasini au udongo wa rutuba uliozikwa. Hivyo vinaokolewa na mpango peke yake.

Mali bila daftari

Kizuizi kikubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni hofu. Masalio ya ujenzi wa shule ya umma ni mali ya umma. Mwalimu mkuu anayeuza vipande vya nondo bila maandishi anaweza kushukiwa wizi, na anayemgawia mzazi mbao mbili anaweza kujibu mashtaka mbele ya mkaguzi. Njia salama inakuwa ni kuviacha vioze nyuma ya choo, mahali ambapo hakuna anayeulizwa. Wengi wetu tumeziona rundo hizo, zimefunikwa na magugu, misumari ikitazama juu.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Dawa ya hofu hiyo ni daftari. Mkataba kati ya bodi ya usimamizi na mwanakandarasi utaje waziwazi masalio ni ya nani, nani atayatenganisha, na nani atalipia kuyaondoa. Kila kinachotoka kiandikwe: ni nini, ni kiasi gani, kimekwenda wapi, kwa bei gani na kwa sahihi ya nani. Kwa upande wa vyuma, tahadhari iongezwe. Biashara ya vyuma vikuukuu inatawaliwa na sheria ya mwaka 2015, na Januari 2022 ilisimamishwa nchini kote kufuatia uharibifu wa mitambo ya umeme, hadi ilipofunguliwa tena Mei mwaka huo. Shule iuze kwa mfanyabiashara mwenye leseni tu, na ihifadhi stakabadhi.

Suala la mwisho ni la lugha, na hapa narejea uwanjani mwangu. Michoro ya majengo na orodha za vifaa huandikwa kwa Kiingereza. Wanaochanganya zege huzungumza Kiswahili, Kibukusu, Kisabaoti au Kiturkana. Kati ya karatasi na koleo pana pengo, na taka nyingi huangukia katika pengo hilo. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Haki hiyo isiishie katika hotuba. Iandikwe pia kwenye kibao cha mjengo, kwa maneno ambayo kibarua wa kutwa anayaelewa: mbao za kurudi kazini, mbao zisizoingia jikoni, mawe ya kujazia, udongo wa bustani.

Hiyo ndiyo nafasi ya mwanafunzi. Darasa la Kiswahili likusanye majina ambayo mafundi wa mtaani huyatumia kwa kila kipande kinachobaki, kisha litunge orodha ya shule. Darasa la hisabati lipige hesabu ya nondo kama ile tuliyoipiga hapa. Chama cha mazingira kipime lundo la kila fungu mwisho wa wiki na kubandika matokeo kwenye ubao wa matangazo, ili mzazi ajionee mchango wake ulikokwenda. Taasisi za ufundi, kama vile Kitale National Polytechnic na ile ya Sang'alo kule Bungoma, zinaweza kuwafundisha mafundi chipukizi kwamba orodha ya kukatia ni chombo cha kazi kama vile timazi na msumeno.

Wanafunzi hao ndio watakaokuwa wasanifu, wanakandarasi na wanabodi wa kesho. Akizoea kijana kukiita kipande cha nondo kwa jina lake akiwa Gredi ya 8, itamwia vigumu kukitupa akiwa mhandisi.

Basi bodi ya shule yako, msomaji, itakapokutana kuzungumzia darasa jipya, bei ya mabati itajadiliwa, na jina la mgeni wa heshima atakayelifungua halitakosa kutajwa. Kabla ya yote hayo, mtu mmoja na ainue mkono aulize maswali matatu mepesi: Katika ujenzi huu kitabaki nini? Kitaitwaje? Na kitakaa wapi? Kumbukumbu za mkutano ziyahifadhi majibu yake, kisha ndipo jembe litafutwe.